Tope Usoni mwa Mwezi

Jumanne, 8 Juni 2004. Kitale.

Kidonge cha presha, chai, ndizi moja. Palizi ya pili imeisha upande wa chini wa shamba. Upande wa juu bado. Mke wangu Rispa anasema nikiendelea kuinama hivi, siku moja nitakataa kunyooka.

Saa nne nikaenda mjini kutafuta mbolea ya kukuzia. Nje ya karakana ya fundi wa kuchomelea, umati. Katikati ya umati, nani kama si Dakta Aluda, kashika kioo cheusi cha fundi, anawapa watu mmoja mmoja walitazame jua. Leo Zuhura inapita mbele ya jua. Hilo ni kweli, redio imelitangaza tangu juzi. Nikapanga foleni kama wengine. Nikaona doa jeusi, dogo kuliko punje ya wimbi. Jambo zuri sana. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na miwili na sikuwahi kuliona.

Halafu Dakta akafungua mdomo. Ati hiyo ndiyo nyota iliyopita karibu na Mlima Elgon zamani, ikaupaka mwezi tope. Ati wazee waliishuhudia. Ati leo imerudi kuchungulia. Watu wakaguna. Mwanamke mmoja aliyebeba kabichi akauliza kama avune mapema.

Niandike wazi. Huyu si daktari wa kitu chochote. Alikuwa akipandikiza ng'ombe mbegu kwa mrija, kazi ya serikali, mpaka akastaafu. Watu wa mashambani humwita daktari kila mwenye buti na sindano. Tofauti ni kwamba yeye aliamini.

Alhamisi, 10 Juni.

Nimenunua kitabu alichokiandika Aluda. Najua. Nilijidharau hata kabla ya kutoka dukani.

Ni kwa Hassan, duka la vitabu na daftari karibu na msikiti. Hassan anasema kinatoka kuliko atlasi. Nikamuuliza haoni aibu kuuza takataka. Akacheka: "Mwalimu, mimi siulizi kitabu dini yake, bana."

Jalada la kijani, pini mbili zilizoanza kushika kutu. *Jua, Mwezi na Tope la Masaba*. Masaba ndilo jina letu, sisi Wabukusu, la Mlima Elgon. Aluda si Mbukusu. Wazazi wake walikuja Kitale kufanya kazi kwenye mashamba ya wazungu, akazaliwa huko. Kibukusu chake ni cha kuombea chai.

Hoja yenyewe ni hii. Wazee wetu husimulia kwamba Jua na Mwezi ni ndugu, na Mwezi ndiye mkubwa, na ndiye aliyeng'aa zaidi. Siku moja wakashikana mieleka. Jua akamwangusha Mwezi kwenye tope, akampaka uso mzima, na tangu hapo Mwezi anang'aa kinyonge. Hadithi tamu ya kumbembelezea mtoto. Aluda anasema si hadithi, ni taarifa. Nyota ilipita, ikamwaga vumbi la moto, mwezi ukafunikwa. Na wavulana wetu wanapopakwa tope mtoni alfajiri ya kutahiriwa, ati wanaigiza siku hiyo bila kujua.

Nilipakwa tope hilo mimi mwenyewe. Lilikuwa baridi mpaka kwenye meno. Hiyo ndiyo kazi yake, mwili ufe ganzi, mtu asitikisike mbele ya kisu. Hapakuwa na nyota. Palikuwa na mjomba wangu nyuma yangu akinitishia.

Ijumaa, 11 Juni.

Sura ya tatu. Ng'ombe wakikataa kushika mimba mwezi ukiwa mpevu, huo nao ni ushahidi. Nimekitupa chini ya kitanda.

Nimekitoa tena.

Jumapili, 13 Juni.

Ukurasa wa arobaini na moja kuna picha ya mama yangu.

Mama yangu. Yuko Naitiri, mbele ya nyumba yake, kwenye kile kigoda changu cha zamani, amevaa gauni la Jumapili. Chini yake: "Mama Selina Nekesa, mhifadhi wa kumbukumbu." Nilikuwa sijui chochote. Hakuniambia. Huyo mtu amekaa uani kwa mama yangu, amekunywa chai ya mama yangu, na mimi nimekuja kusoma habari zake kwenye takataka za Hassan.

Anaandika kwamba Mama alimsimulia siku ambayo mchana uliingia giza, kuku wakapanda kulala, matawi yakavunjika kwa uzito, na kesho yake hapakubaki jani bichi. Mama akasema ilikuwa wakati wa rika la Kananachi. Hapo ndipo Dakta alipokamata mkia wa sungura. Marika yetu ya tohara ni manane na majina yake huzunguka. Jina likipita, hurudi baada ya kama miaka mia. Basi yeye kachukua Kananachi akarudi nyuma mzunguko mmoja, miwili, mitano, kumi, mpaka thelathini, akafika mahali nyota yake inapotaka kukaa. Miaka elfu tatu. Mama yangu ana themanini.

Nina hasira hadi kalamu imetoboa karatasi. Mwandiko huu ni ushahidi.

Jumamosi, 19 Juni. Naitiri.

Nimekuja kwa Mama. Kitabu kakifunga kwenye karatasi ya nailoni, kakiweka sandukuni pamoja na kitambulisho chake na cheti cha ubatizo. Hajui kusoma, lakini ukurasa wake anaufungua bila kukosea. Majirani huja kuutazama. Mmoja alikuja nikiwepo, akanawa mikono kwanza.

Nilimwambia kitabu ni cha uongo. Nilimweleza hesabu ya marika, taratibu, kama ninavyowaeleza kidato cha kwanza. Alinisikiliza akichambua mboga. Nilipomaliza akasema nikiache hicho kitabu. Akasema nisimwaibishe yule mtu, na yeye pia nisimwaibishe. Alilisema mara mbili. Mama hana desturi ya kusema jambo mara mbili.

Kiburi cha uzee. Picha moja kwenye karatasi na mtu anasahau ukweli una thamani gani. Nikamjibu nitaona.

Jumatano, 23 Juni. Kitale.

Barua kutoka Bungoma. Wazee wa utamaduni wanaandaa mkutano tarehe 31 Julai, ukumbi wa kanisa, kabla ya msimu wa tohara kupamba moto. Dakta Aluda atazungumza juu ya kitabu chake. Wanataka msomi wa kukichambua. Wamefikiria mimi.

Nilikubali kabla sijafika mwisho wa barua. Rispa akauliza, "Na Mama je?" Nikamwambia Mama ametumiwa, na mimi ndiye nitakayemtetea. Yeye akaenda kufunga ndama.

Ijumaa, 2 Julai.

Jana jioni nilimsomea Rispa ukurasa wa arobaini na moja kwa sauti ya Dakta, tucheke. Giza mchana. Kuku kupanda. Matawi kuvunjika. Hakuna jani. Rispa, bila kuinua macho kwenye mchele, akasema: "Si hiyo ni nzige?"

Nzige! Miaka thelathini na miwili ya jiografia, na mke wangu ndiye ananiambia. Mjomba Wekesa, kaka mkubwa wa Mama, alikuwa Kananachi. Nilimzika mwenyewe. Mama alikuwa mtoto wa miaka sita au saba nzige walipofunika nchi hii yote. Kila mzee anazijua habari hizo. Hakuna nyota, hakuna miaka elfu tatu, kuna wadudu na msichana mdogo aliyeogopa.

Na Aluda hakuandika neno nzige hata mara moja. Mama hawezi kusimulia siku hiyo bila kuwataja. Kwa hiyo amewaondoa. Si mjinga tu basi. Ni mwongo.

Nimefurahi kupita kiasi. Nimekula mara mbili.

Jumamosi, 10 Julai. Naitiri.

Mama ameenda kwenye maombi ya akina mama. Nilifungua sanduku nitazame kitabu tena. Chini yake kulikuwa na kaseti. Mwandiko wa Aluda: "Mama Selina, nakala yake." Mama hana redio ya kaseti, hajawahi kuwa nayo. Ya nini basi?

Nimeichukua. Nitairudisha. Mtu haibi kwa mama yake.

Jumapili, 11 Julai. Kitale.

Hassan ameniazima redio ya kaseti. Kwanza kikohozi cha Dakta. Kisha kuku. Kisha Dakta anauliza hali ya ng'ombe. Kisha Mama, na Kiswahili chake cha sokoni:

"Jua ikapotea. Saa sita mchana, bana. Kuku ikaenda kulala. Sisi watoto tukalia tu."

Dakta: "Ilikuwa nyota, Mama?"

Mama: "Nyota gani? Nzige!"

Niliruka kwenye kiti. Nimeirudisha mara tatu. Ya tatu nilimwita Rispa aje asikie. "Nyota gani? Nzige!" Sauti ya mtu asiye na muda wa upuuzi. Huyo ndiye mama yangu.

Imebaki nusu nzima ya kaseti. Sina haja nayo. Kuku na kikohozi nimesikia vya kutosha.

Ijumaa, 16 Julai.

Nimekutana na Aluda kwa Hassan. Amekonda. Kofia ileile. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akauliza habari za Mama, akasema siku ya mkutano atamfuata Naitiri kwa gari la shemeji yake, akae mbele kama mgeni wa heshima.

Halafu akanivuta pembeni, karibu na madaftari. "Mwalimu, hiyo siku uliza yote. Nyota uliza, mwezi uliza. Lakini ile maneno ya Mama, si tuongee tu sisi wawili kando?"

Nikamwambia mwandishi akiogopa maswali asiandike.

Alikuwa na hofu. Niliiona. Nikaifurahia njia nzima mpaka nyumbani.

Jumanne, 20 Julai.

Hoja zangu ziko kwenye karatasi nne. Ya kwanza marika. Ya pili tope. Ya tatu fizikia, ila nitaifupisha, hawataielewa. Ya nne kaseti.

Rispa anasema nimwambie Mama kwamba ninayo. Nitamwambia baadaye. Akisikia sauti yake ikishangiliwa Bungoma ataelewa.

Ijumaa, 30 Julai. Bungoma.

Nimelala kwa binamu yangu. Barabarani wavulana wamepita na njuga zao, wanaalika wajomba, nyuma yao kundi zima linaimba. Vumbi mpaka kwenye sufuria. Rika la Kolongolo ndilo linaloingia miaka hii, na Dakta ameandika kwamba Kolongolo wakirudi mbingu nayo hurudi. Wamerudi tangu miaka minne iliyopita. Mbingu ipo palepale.

Nimejaribu redio. Kaseti nimeisogeza mpaka kabla ya swali la nyota. Njia ya mwongo ni fupi. Kesho itaishia kwenye ukumbi wa kanisa.

Jumamosi, 31 Julai.

Niandike leo hii hii. Nikingoja nitajipunguzia.

Ukumbi ulijaa, wengine wakasimama madirishani. Mama alikuwa kiti cha mbele, kitambaa kipya kichwani. Aluda alizungumza karibu saa nzima. Alichora nyota ubaoni ikaonekana kama kiazi. Watu walimpenda. Walimpenda kwa dhati, na hilo lilinichoma.

Nikasimama. Nikaanza na marika. Nikasema, wazee, Kananachi si wa miaka elfu tatu, Kananachi ni mjomba wangu Wekesa, nilimzika mimi, na hakuwahi kulalamika kwamba nyota imemwangukia. Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Nikasema Dakta amehesabu mizunguko ya rika kama anavyohesabu mizunguko ya ng'ombe. Wakapiga miguu sakafuni. Niliwahi kufundisha madarasa mengi. Sikuwahi kupendwa hivyo.

Kisha nikamgeukia. Kwa nini umewaficha nzige? Jibu mbele ya watu hawa. Mama alikutajia nzige, ndiyo au hapana?

Dakta alimtazama Mama, kisha akatazama viatu vyake. Nikarudia swali. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, achia hapo." Nikasema hatuachii hapo. Nikaweka redio mbele ya kipaza sauti.

"Nyota gani? Nzige!"

Hawajawahi kucheka hivyo watu wa Bungoma. Wengine walisimama. Mimi niliinua mikono kama mgombea aliyeshinda. Sikuizima kaseti. Nilikuwa nikiwatazama. Mama alikuwa akiendelea kuzungumza chini ya kicheko chao, na kicheko kilipokwisha, sauti yake ndiyo iliyobaki ukumbini:

"... ikakula yote. Njaa ikaingia. Sasa hii usiandike, mwanangu. Usiandike hata nzige, watu watajua ni mwaka gani. Baba akachukua mdogo wangu Nabwile, akampeleka huko juu Kapsokwony, kwa watu. Akarudi na debe moja ya wimbi. Mama akasaga. Tukakula. Mimi nilikula."

Aluda ndiye aliyeizima. Alipita mbele yangu, akabonyeza, akachomoa waya. Mimi nilikuwa nimesimama na mikono bado juu kidogo.

Mama aliangalia mikono yake mapajani. Baadaye akainuka, akamwambia Aluda amrudishe nyumbani. Alimwambia Aluda.

Jumapili, 1 Agosti. Kitale.

Sikwenda kanisani.

Alhamisi, 5 Agosti. Naitiri.

Habari zilifika kabla yangu. Kwenye duka la posho, mtu nisiyemjua aliniuliza kama sisi ndio watu waliokula mtoto. Alidhani anatania.

Mama alinipa chai. Alinisalimia, akauliza habari za Rispa, akanijazia kikombe. Zaidi ya hapo hakuna. Sandukuni kitabu hakipo tena. Sikuuliza. Jirani aliyenawa mikono alipita njiani bila kuingia.

Nilitaka kumwambia kwamba njaa ilifanya hivyo kwa watu wengi, kwamba wazee waliwapeleka watoto mlimani ili waishi, si ili wafe, na kwamba hakuna aibu. Nilikuwa na hotuba nzima. Nikatazama uso wake, nikainywa chai. Miaka sabini na kitu amelificha debe moja la wimbi. Mimi nimelifungua kwa kipaza sauti.

Sina hasira na mtu yeyote. Laiti ningekuwa nayo.

Jumanne, 10 Agosti. Kitale.

Nimekwenda kwa Aluda. Nyumba ya mabati nyuma ya reli, vitabu vimepangwa juu ya makreti ya soda, chupa tupu za dawa ya kupe dirishani. Alinitafutia kiti kisichotingisika. Nikaomba msamaha nikiwa nimesimama, kwa sababu nikiketi nisingeweza.

Akasema si yeye wa kuombwa.

Nikamuuliza kwa nini hakujitetea. Neno moja lingetosha kuniziba mdomo mbele ya watu wote. Akashangaa kwamba nauliza. "Mama aliniambia nisiseme. Sasa ningesema?"

Kisha akanieleza. Alipomwahidi Mama, aliona akiandika nzige, watu wa Naitiri wataujua mwaka, na wakiujua mwaka watauliza yule mtoto mdogo alikwenda wapi. Hakutaka kuiacha ile siku, kwa sababu aliipenda. "Basi nikaipeleka mbali, Mwalimu. Mbali kabisa. Mahali hakuna mtu atauliza."

Miaka elfu tatu. Kumbe ndivyo ilivyohesabiwa.

Nikadhani basi ameikana nyota yake. Wapi! Akafungua kreti. Ati nzige wenyewe hutoka wapi, kama si joto lililobaki baada ya nyota? Akanionyesha jedwali. Akanionyesha mwezi aliouchora kwa makaa, na madoa yake, na tope. Alizungumza zaidi ya saa mbili. Yote upuuzi. Hakuna sentensi moja ambayo ingepita kidato cha pili. Nilisikiliza mpaka mwisho na nikauliza maswali mawili.

Wakati wa kuondoka akaniuliza taratibu, "Ile kaseti hukuisikiliza yote?" Nikasema hapana. Hakunicheka. Aliona ni ajabu tu, kama mtu aliyenunua ng'ombe bila kumtazama meno.

Bado namdharau kwa kitabu chake. Kitabu ni kibaya na kitabaki kibaya. Lakini aliketi Naitiri Jumamosi baada ya Jumamosi akimsikiliza mama yangu, akasikia jambo zito kuliko yote ya maisha yake, akalitunza. Mimi nilikuwa nikienda pale mara moja kwa mwezi na mfuko wa sukari, nikimweleza habari za dunia.

Jumapili, 15 Agosti. Naitiri.

Mvua ya asubuhi, kisha jua. Nimekuja na redio ya Hassan na betri sita mpya. Nilimpa Mama kaseti mkononi, kwa mikono miwili, nikamwambia niliichukua bila ruhusa, na kwamba niliyoyafanya Bungoma nimeyafanya mimi, si Dakta wala mtu mwingine. Nikaomba msamaha. Kwa Kibukusu neno hilo ni refu, huwezi kulisema haraka.

Akaigeuzageuza kaseti. Akauliza kama Nabwile yumo humu. Nikasema yumo. Akasema ndiyo maana aliiomba, ili jina lake liwe mahali fulani. Akasema niiwashe.

Tukaketi uani. Kikohozi. Kuku. Ng'ombe. "Nyota gani? Nzige!" Mama alitabasamu kidogo hapo. Jina la mdogo wake lilipofika akaweka kiganja juu ya redio, kama mtu anayepima homa, akakiacha hapo. Aliendelea kusimulia mle ndani, mambo ambayo sijawahi kuyasikia. Kwamba Nabwile alikuwa na kovu kwenye nyusi. Kwamba alikwenda akiimba, kwa sababu aliambiwa wanamtembeza. Kwamba Baba yao hakula lile debe.

Karibu na mwisho, sauti ya Aluda: "Na huyu kijana wako Mwalimu, yeye anajua hii maneno?"

Mama akacheka ndani ya kaseti. Kicheko kirefu, cha starehe.

"Simiyu? Simiyu anajua kila kitu. Sasa mtu anajua kila kitu, utamwambia nini?"

Kisha kuku tena, kisha utepe ukaisha wenyewe.

Mama hakunitazama. Alisogeza kigoda karibu na redio, akasema niirudishe mwanzo. Nikairudisha. Tukasikiliza tena yote, mpaka mwisho.